Tanuru la mhunzi la kubeba kwa bodaboda, na feni ya kulipulizia

Swali: Mimi ni mhunzi hapa Soroti. Mvua za Machi zikikaribia, wakulima huniletea ndimi za plau za ng'ombe nizirefushe na kuzinoa, pamoja na shoka na panga. Mwaka huu nataka niwafuate kwenye minada, kuanzia Arapai hadi Ocorimongin, nikiwa na tanuru ninaloweza kulifunga kwenye bodaboda. Kwenye simu nimeona matanuru ya makaa ya mawe yenye feni za umeme. Nijenge la namna gani, na feni ninunue ipi? Huko mnadani hakuna umeme.

Jibu: Fundi, jenga tanuru la mkaa wa miti ambalo upepo unaingilia ubavuni, kisha ununue feni ya volti 12 iliyo ndogo kuliko unayofikiri unaihitaji. Wengi huanza na feni. Huikuta kubwa na ya bei nzuri kwa wauza skrepa, wakaitafutia tanuru, na matokeo yake mkaa unaruka cheche hadi kwenye nguo za wateja huku chuma kikiungua ngozi na kubaki kigumu kiini. Amua kwanza utachoma nini, halafu moto wako uwe mkubwa kiasi gani. Ukishajua hayo mawili, feni inajichagua.

Uganda haina mgodi wa makaa ya mawe. Yanayotumika huku huagizwa kutoka nje, na yale ya kusini mwa Tanzania, Ngaka na Kiwira, huuzwa kwa malori kwenda viwandani, hayauzwi kwa debe. Tena si kila makaa ya mawe yanafaa kwa uhunzi. Yanayofaa ni yale yanayolainika kwenye moto, yakashikana na kuwa tonge jepesi lenye vitundu. Yakiwa na salfa nyingi, chuma chekundu hupasuka chini ya nyundo na huwezi kukirudisha. Mkaa wa miti hauna taabu hiyo, majivu yake ni kidogo, na mnadani kokote utaupata. Una kasoro mbili tu: ni mwepesi, kwa hiyo upepo mkali huurusha, na huwaka haraka, kwa hiyo kila upepo wa ziada ni hela inayoteketea. Tangu amri ya rais ya mwaka 2023 iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, mhunzi ana sababu zaidi ya kutumia mkaa kidogo na kuutumia vizuri. Mkaa wa mti wa shea, ule unaotoa mafuta ya shea, uukatae hata ukiletewa kwa bei ya chini.

Sasa upepo kiasi gani? Hapa hesabu ni rahisi na inafaa kuijua, kwa sababu ndiyo itakayokulinda mbele ya muuzaji. Kilo moja ya mkaa mzuri ina gramu 800 hivi za kaboni, na kila kilo ya kaboni inahitaji kilo 11.5 za hewa ili iungue yote. Soroti iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo na joto la mchana, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kwa hiyo kilo moja ya mkaa inakula takriban mita 9 za ujazo za hewa. Moto wa kutosha ulimi wa plau au shoka unakula kilo 3 za mkaa kwa saa, na ukiuchochea sana kilo 5. Hiyo ni lita 450 za hewa kwa dakika katika kazi ya kawaida, lita 750 katika kazi nzito. Ni hewa kidogo. Feni ya kupulizia jumba la kuchezea watoto hutoa mara nyingi zaidi ya hapo, na ndiyo maana haifai hata ukipewa bure.

Lakini wingi wa hewa ni nusu ya habari. Hewa hiyo lazima ipite kwenye bomba jembamba, kisha ijipenyeze katikati ya mkaa uliorundikwa. Inahitaji msukumo, na msukumo ndio unaotenganisha feni inayofaa na isiyofaa. Tutaupima kwa maji hapo chini.

Sanduku lenyewe litengeneze kwa bati la chuma la mm 3: urefu sm 40, upana sm 30, kina sm 15. Uzito wake utakuwa karibu kilo 8. Bati la mm 2 hujikunja baada ya muda mfupi, na la mm 5 hukupa kilo 13 bila faida yoyote kwa kazi hii. Wako wanaotumia dramu ya breki. Dramu ya pikapu inafaa kwa karakana, ila ya lori ni nzito mno kwa bodaboda, na umbo la bakuli halikupi nafasi ya kulaza ulimi wa plau. Kwenye zile pande mbili ndefu kata pengo la upana wa sm 10 na kina cha sm 5 kutoka ukingoni, kitovu chake kikiwa sm 13 kutoka upande mfupi ambako bomba litaingilia. Mapengo yakabiliane, ili chuma kirefu kipenye kutoka upande huu hadi ule na sehemu unayoitaka ikae katikati ya moto.

Bomba la upepo liwe la inchi 1, lile jeusi lenye ukuta mnene, urefu wa sm 60. Usitumie bomba lililopakwa zinki. Zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka saa chache baadaye. Toboa upande mfupi wa sanduku, katikati, kitovu cha tundu kikiwa sm 8 kutoka sakafuni. Usilichomelee bomba. Zungushia tundu kipande cha bomba la inchi 1¼, kikichomelewa kwa nje, ulipitishe bomba lako humo na ulikaze kwa bolti moja. Mdomo wa bomba huliwa na moto, haukwepeki. Ukifupika unalegeza bolti, unasukuma bomba mbele, unakaza, kazi inaendelea. Bomba lilale sawa au mdomo uinamie motoni kidogo. Likiinamia nyuma, chenga za mkaa na mavi ya chuma huteremka ndani yake na kuziba.

Kwa nini ubavuni na si chini? Upepo wa chini unataka chekecheke ya chuma, bomba la tii (lenye umbo la T) na mlango wa kumwagia majivu, yote chini ya sanduku. Hayo ni uzito, ni urefu, na ni mahali pa kuziba, kwa kuwa mkaa wa miti humeguka chenga zinazoanguka kwenye chekecheke kila unapouchokoa. Ubavuni, zile sm 4 hivi zitakazobaki chini ya bomba baada ya kukandika sakafu ndizo shimo la majivu. Majivu hushuka hapo yakatulia, na kila baada ya saa mbili au tatu unayachota kwa kijiko cha chuma.

Udongo wa kukandika ni sehemu ambayo haraka huiharibu kuliko sehemu nyingine yoyote. Chukua udongo wa kichuguu uliochekechwa, vipimo viwili, na unga mnene wa matofali ya kuchoma yaliyopondwa, kipimo kimoja. Kanda kwa maji machache mno, uwe mgumu wa kushikana mkononi bila kuacha tope kwenye viganja. Kandika sakafu sm 2 na ukuta wa upande wa bomba sm 4. Kuta nyingine hazihitaji udongo wa kudumu. Watu wengine huongeza jivu kwenye mchanganyiko. Nje ya moto halina neno, lakini karibu na mdomo wa bomba jivu ni adui, kwa sababu chumvi zake hushusha kiwango cha joto ambacho udongo huyeyukia, na baada ya siku chache utakuta ukuta umegeuka kioo cheusi kilichoziba bomba. Saruji usiitie hata kidogo, na mawe ya mtoni usiyaweke sakafuni: vyote hupasuka kwa kishindo vikipata joto, na vipande huruka usawa wa uso.

Udongo uliokandikwa ukae kivulini siku 5 hadi 7. Kila nyufa ikitokea, ilowanishe na uizibe kwa mchanganyiko uleule. Baada ya hapo washa moto wa vijiti bila feni kwa saa mbili. Mvuke uliobaki ndani lazima utoke polepole. Ukiuwahisha kwa feni, ukuta unabanduka kipande kizima.

Kufikia hapo una kilo 8 za sanduku, kilo 7 za udongo, kilo moja na nusu ya bomba, na miguu. Miguu iwe mitatu, si minne, kwa sababu uwanja wa mnada hauko sawa na miguu mitatu haichezi. Tumia chuma cha engo (chenye umbo la L) cha mm 25, na miguu iingie kwenye soketi zilizochomelewa chini ya sanduku, kila mmoja ukikazwa kwa bolti, ili uikung'oe wakati wa safari. Urefu unategemea unavyofanya kazi. Kama unafua umesimama, sm 60 za mguu zinaleta ukingo wa sanduku karibu sm 75 kutoka ardhini. Kama unafua umekaa na fuawe yako iko chini, sm 20 zinatosha, na tanuru linakuwa tulivu zaidi. Mzigo wote bila feni na betri utazunguka kilo 20. Beba pia matofali mawili ya kuchoma. Ukifika, yasimamishe ndani ya sanduku, kushoto na kulia ya mdomo wa bomba, yaache uwazi wa sm 15 hadi 18, na nafasi iliyobaki ijaze udongo mkavu wa palepale. Moto usiujaze sanduku zima. Moto mwembamba na wenye kina unashika joto. Ule mpana wenye kina kifupi utamaliza gunia na ulimi wa plau utabaki mwekundu wa damu.

Turudi kwenye feni. Feni za mapanga ya wazi, kama zile za kupoza kompyuta au za rejeta ya gari, ziache zote. Zinasogeza hewa nyingi mahali penye uwazi, ila ukiwekea kizuizi mbele yake hewa hurudi nyuma kupitia mapanga yaleyale. Unayoitaka ni feni yenye gurudumu la visu ndani ya nyumba iliyojiviringisha kama konokono, inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni kupitia mdomo mmoja. Mafundi wengi huiita bulowa.

Ziko za aina nne unazoweza kuzipata kwa urahisi. Ya kwanza ni bulowa ndogo ya plastiki ya volti 12 yenye upana wa sm 10 hivi, inayokula ampea 1 hadi 3. Kwa moto wa mkaa wa ukubwa tuliousema, iliyo nzuri inatosha. Udhaifu wake ni plastiki: ikikaa karibu na tanuru inalainika, na gurudumu linaanza kukwaruza.

Ya pili ni bulowa ya hita au ya ubaridi wa gari, ile inayokaa nyuma ya dashibodi ya matatu. Kisenyi, Kampala, na kwa wauza vipuri wa Mbale zinapatikana. Hii ndiyo ningeichagua kwa kazi yako, kwa sharti moja: inunue pamoja na nyumba yake. Wengi huuziwa mota na gurudumu tu, wakalitengenezea kisanduku cha mraba, wakashangaa kwamba haina nguvu. Ile nyumba ya kujiviringisha ndiyo inayogeuza mwendo wa hewa kuwa msukumo. Ukiikosa, umenunua feni ya kupepea. Ikiwashwa kwa nguvu zote hula ampea 15 au zaidi, na hutoa hewa mara kadhaa ya unayohitaji, kwa hiyo iwekee kidhibiti kasi cha volti 12 chenye uwezo wa ampea 20. Hapo pana mtego. Msukumo wa feni hupungua kwa mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo kuwa nusu, msukumo unabaki robo. Usiizungushe polepole mno ukidhani unaokoa betri. Iache izunguke karibu asilimia 70 ya mwendo wake, na upepo uupunguze kwa mlango wa bomba. Feni ya namna hii ikizibwa hewa hubeba mzigo mdogo, na mota hula ampea pungufu, si zaidi. Pima kwa mita, utaona.

Ya tatu ni bulowa ya chuma ya volti 240, yenye mdomo wa inchi 2, inayouzwa madukani kwa ajili ya majiko makubwa ya mkaa. Karakanani ni imara kuliko zote. Mnadani haina maana bila jenereta. Ukiitumia nyumbani, iwe na waya wa nyuzi tatu ili mwili wake uunganishwe ardhini, na usiipunguze mwendo kwa swichi ya kufifisha taa kama mota yake ina kapasita, kwa kuwa huchemka na kuungua. Ipunguze kwa mlango.

Ya nne ni kikaushio cha nywele. Kinashawishi kwa sababu ni rahisi, lakini sikiliza vizuri: katika vingi vyake, mota ni ndogo ya volti chache, na waya za kupashia joto ndizo zinazopunguza zile volti 240 kabla hazijaifikia. Anayekata waya hizo ili apate upepo baridi, kisha akaunganisha mota moja kwa moja kwenye umeme, anaiunguza papo hapo.

Usinunue bulowa yoyote bila kuipima, na kipimo chake hakina gharama. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa mita moja, uukunje uwe na umbo la U, tia maji hadi nusu. Ziba mdomo wa bulowa kwa kipande cha mbao au kiganja, ukiacha tundu moja la kupitisha ncha ya mpira. Washa. Maji yatashuka upande mmoja na kupanda mwingine. Tofauti ya urefu kati ya pande mbili ikifika sm 3, bulowa hiyo ina msukumo wa kutosha moto wa mkaa. Sm 5 ni nzuri kabisa. Feni ya kompyuta itayasogeza maji milimita chache tu, na hapo mabishano na muuzaji yamekwisha.

Kipimo cha wingi ni mfuko wa taka wa lita 100. Utoe hewa yote, ufunge kwenye mdomo wa bomba lako la inchi 1, bulowa ikiwa imeunganishwa na mlango uko wazi. Ukijaa kwa sekunde 13, una lita 450 kwa dakika. Ukijaa kwa sekunde 6, una zaidi ya unachohitaji hata kwa kazi nzito, na hiyo ni afadhali, kwa sababu moto utaongeza ukinzani wake.

Mlango wa hewa ni bati dogo linaloteleza kwenye mfereji, limewekwa kati ya bulowa na tanuru, mahali mkono wako wa kushoto unafika bila kugeuka. Ulegee vya kutosha kusogezwa kwa kidole, na ukaze vya kutosha usijisogeze wenyewe. Mhunzi anayefanya kazi vizuri huugusa kila anapoingiza chuma na kila anapokitoa. Chuma kikiwa kwenye fuawe, moto hauhitaji kupulizwa, na hapo ndipo mkaa mwingi huokolewa.

Bulowa isikae karibu kuliko mita moja kutoka kwenye sanduku, na iwe chini ya usawa wa mdomo wa bomba, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Baada ya bomba la chuma unganisha mpira wa rejeta ya gari, ufungwe kwa klipu pande zote mbili. Unapozima, chomoa mpira kutoka kwenye bomba. Ukiuacha, hewa ya moto na gesi ya mkaa hurudi nyuma hadi kwenye visu vya plastiki.

Kwa umeme, betri ya sola ya ampea-saa 50 inakutosha. Betri ya asidi isitumike kupita nusu, kwa hiyo hesabu 25. Bulowa ya gari iliyopunguzwa vizuri ikila ampea 5, unapata saa 5 za upepo, na kwa kuwa upepo haukai wazi muda wote, hiyo ni siku nzima ya mnada. Paneli ya wati 100 kwenye jua kali inarudisha ampea 5 hivi. Betri ya pikipiki usiitegemee, itakufa na utashindwa kurudi nyumbani. Tumia waya wa mm 2.5 za mraba usiozidi mita 3, na karibu na ncha chanya ya betri weka fyuzi ya ampea 15. Betri ikae mita 2 au zaidi kutoka motoni, upande ambao cheche hazielekei, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Kama betri ni ghali kwa sasa, baiskeli inaweza kufanya kazi hiyo, ila kwa hesabu. Gurudumu lenye kipenyo cha sm 60 likivuta mkanda hadi puli ya sm 5 huzidisha mwendo mara 12. Ukizungusha gurudumu kwa mkono mara 60 kwa dakika, feni inapata mizunguko 720, na kwa gurudumu la feni la sm 25 msukumo wake ni wa kuchezea tu. Pitisha kwanza kwenye pedeli na mnyororo, meno 44 mbele na 18 nyuma, mizunguko inafika karibu 1,750 na msukumo unakuwa mara 6 ya ule wa kwanza, sawa na zile sm 3 za maji. Mtoto wa kukanyaga awe upande ambao upepo hauleti moshi. Na mivukuto ya ngozi uliyorithi usiitupe: kwa mkaa wa miti inafua chuma kilekile, na haihitaji kuchajiwa.

Kuhusu kuutunza moto, ponda mkaa uwe vipande vya sm 2 hadi 4 na upepete vumbi lote. Vumbi huziba njia za hewa, vipande vikubwa huacha mapango yanayopitisha hewa isiyoungua. Mkaa juu ya usawa wa bomba uwe na kina cha sm 10 hadi 12, ukipanda juu ya ukingo wa sanduku na kushikiliwa na yale matofali. Chuma usikiweke mbele ya mdomo wa bomba kabisa, kwani pale hewa haijamalizwa na mkaa, na hewa isiyomalizwa hula chuma na kukivika magamba. Kiweke sm 6 hadi 8 kutoka mdomoni, juu kidogo ya usawa wake, na mkaa chini yake na juu yake.

Ukiona magamba manene yanadondoka kila ukigonga, upepo ni mwingi au chuma kimezama karibu na bomba. Ukiona cheche nyeupe zenye kupasuka zikitoka kwenye chuma chenyewe, kinaungua. Kitoe, na sehemu iliyoungua ikate, haiponi. Moto ukiwa mweupe juu lakini chuma hakipandi zaidi ya wekundu, mara nyingi umetokea uwazi mbele ya bomba: sukuma mkaa ulioiva ujaze pale, mkaa mpya uongeze pembeni, usiumwage juu ya chuma. Upepo ukidhoofika polepole huku bulowa ikilia kama kawaida, bomba limeziba, pitisha fito ya chuma. Sauti ya bulowa ikipanda ghafla ni ishara ileile, kwa sababu imeziba na mota haina mzigo.

Chuma cha springi za magari, ambacho wengi wenu mnakitumia kwa shoka na panga, kifue kikiwa na rangi ya chungwa na ukirudishe motoni kikifika wekundu wa giza. Kigonge chini ya hapo na nyufa ndogo huanza usizoziona hadi mteja arudi. Ulimi wa plau hautaingia wote kwenye moto huu. Moto wa tundu moja hupasha sm 8 hadi 10 kwa wakati mmoja, kwa hiyo uvute makali kwa vipande, ukianzia nchani, kila kipande kikipishana kidogo na kilichotangulia.

Tanuru lisiwashwe chini ya paa la nyasi wala ndani ya banda lililofungwa. Mkaa unaofuka taratibu, hata usipotoa moshi, hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni inayoua bila harufu. Kwa sababu hiyo mkaa uliobaki uzime kwa maji kabla ya kufunga mzigo, na usilale chumba kimoja na tanuru ambalo halijapoa. Maji hayo yamwage juu ya mkaa uliouchota nje. Ukiyamwaga ndani ya sanduku la moto, udongo wako utapasuka.

Siku ukipata makaa ya mawe ya kufulia kwa bei inayoeleweka, sanduku hilihili litayachoma, kwa mabadiliko machache. Yapondwe hadi sm 2, yalowanishwe, na yarundikwe kuzunguka moto, si juu yake, ili yakauke na kushikana kabla ya kusukumwa katikati. Yanahitaji msukumo mkubwa zaidi, sm 5 za maji au kupita, kwa kuwa tonge lake limeshikana na majivu yake huyeyuka na kuganda kuwa klinka mbele ya bomba. Klinka hiyo iondoe kila saa: punguza upepo ubaki kidogo sana kwa dakika mbili ili igande, kisha iinue nzima kwa ncha ya fito. Hapa mlango wa hewa unakuwa suala la usalama. Makaa mabichi yakifuka bila upepo hutoa gesi inayojaa ndani ya bomba, na ukiwasha bulowa ghafla gesi hiyo hulipuka na inaweza kupasua nyumba ya plastiki. Usiufunge mlango kabisa moto ukiwa hai, uache mwanya wa mm 3. Na kama bulowa ilizimika, chomoa mpira, iwashe ipulize nje kwa sekunde chache, ndipo uurudishe kwenye bomba.